Nimeacha unga: nitapata leseni ya uuguzi?

Maswali ya vijana wa Madimba, Mtwara Vijijini, yanajibiwa na muuguzi mkufunzi.

Shikamoo mwalimu. Nilimaliza diploma ya uuguzi, nikanaswa na unga, yaani heroini, sasa nimeacha. Mlango wa leseni umefungwa?

Marahaba, mwanangu. Haujafungwa. Uraibu ni ugonjwa, na wenye nafuu wapo. Lakini Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linalofanya kazi chini ya Sheria ya mwaka 2010, lipo kwanza kwa ajili ya mgonjwa. Kufaulu mtihani wake hakutoshi. Lazima mgonjwa awe salama mikononi mwako, na hilo linataka ushahidi. Anza kuukusanya leo: kadi za kliniki, barua ya daktari anayekutibu, majibu ya vipimo vya mkojo, barua ya msimamizi wa nyumba ya upataji nafuu kama ulipita huko. Kila karatasi iwe na tarehe. Kama uliwahi kushtakiwa, tafuta nakala ya hukumu na umwone mwanasheria kabla ya kujaza fomu.

Ndugu zangu wananiambia ninyamaze.

Nawaelewa, wanakuonea huruma. Ila ukiulizwa, sema kweli. Usajili uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa, na ukifutwa hutaaminika tena kirahisi. Kusema kweli kwa Baraza na kwa msimamizi wako hakukulazimishi kuwasimulia wodi nzima.

Natumia methadoni. Si watasema bado natumia?

Wapo watakaosema, nao wanakosea. Methadoni ni dawa. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, na kwa kawaida mgonjwa huimeza kila siku mbele ya mhudumu. Aliyetulia kwenye dozi yake hana arosto, na akili yake inafanya kazi. Mwaka 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani ilibaini kuwa Bodi ya Uuguzi ya jimbo la Indiana ilivunja sheria ya haki za watu wenye ulemavu kwa kumzuia muuguzi aliyekuwa akitumia dawa ya namna hii asishiriki mpango wa kuwasaidia wauguzi wenye uraibu. Sheria hiyo si yetu, lakini hoja yake inasimama hata huku: mtu apimwe kwa uwezo wake wa kufanya kazi. Usikubali kituo kilicho mbali na kliniki yako, hata kama mshahara unavutia, na usiiache dawa kwa siri ili uonekane msafi. Wengi wamerudi kwenye unga kwa njia hiyo.

Na kabati la DDA, lile la dawa zinazodhibitiwa?

Hapo ndipo ninapoogopa zaidi kwa ajili yako. Mofini na pethidini zipo mle, na zamu ya usiku ina watu wachache. Omba mwenyewe, kabla hujaambiwa, usipewe funguo kwa kipindi cha mwanzo, na usipangwe usiku peke yako. Kliniki ya mama na mtoto ni pazuri pa kuanzia. Majimbo mengi ya Marekani yana mipango ya namna hii tangu miaka ya 1980: muuguzi anabaki kazini kwa masharti, anapimwa mkojo bila taarifa, hashiki funguo, na msimamizi anaandika ripoti. Napenda mpango huo kwa sababu unamlinda mgonjwa bila kumtupa muuguzi. Ningefurahi kuuona katika kila hospitali yetu, kuanzia Ligula.

Mimi ni mwenzake, na tatizo langu ni uraka na gongo ya mabibo. Nakunywa kila siku.

Ushahidi unaotakiwa ni uleule. Ila usiache ghafla nyumbani: anayekunywa sana kila siku akikata mara moja anaweza kutetemeka, kupata degedege, hata kufa. Nenda hospitali uachishwe chini ya uangalizi. Methadoni haitakusaidia, maana si dawa ya pombe. Na kwa kuwa msimu wa korosho ndio msimu wa mabibo, panga mapema, kabla haujafika, utakaa kwa nani mbali na pombe.

Nanyi wauguzi wafawidhi, akija kijana wa namna hii na karatasi zake mkononi, msimrudishe mlangoni. Mpeni zamu ya mchana na msimamizi. Anayehitaji msaada wa kuacha dawa za kulevya apige 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.