Umwendee Wewe Mwenyewe Kwanza

Wapenzi wakatekumeni, katika vijiji vyetu vya Kasongo na Kabambare ugomvi mwingi huanza kwa jambo dogo. Mbuzi wa mtu ameingia katika mpunga wa jirani. Mwenye shamba haendi kwa mwenye mbuzi. Huenda kwa shemeji yake, kisha barazani, na jioni kijiji chote kimekwisha kupata habari isipokuwa mwenye mbuzi mwenyewe. Naye huisikia kwa vinywa vya watu, tena imekwisha kuongezwa. Sasa si neno la mbuzi tena, bali la heshima. Na mtoto akiugua juma lile, watu huanza kunong'ona juu ya uchawi.

Bwana wetu Yezu Kristo ametuonyesha njia nyingine (Mateyo 18, 15-17). Aliyekosewa amwendee ndugu yake, waseme wawili tu. Asiposikilizwa, achukue mtu mmoja au wawili. Ikishindikana hata hivyo, ndipo neno lifike mbele ya Kanisa. Sisi huanzia mwisho!

Kwa nini wawili tu? Kwa sababu mtu akiwa faraghani aweza kukiri kosa; mbele ya watu hujitetea. Basi nenda mapema, lakini si ukiwa umekunywa pombe au ungali ukitetemeka kwa hasira. Taja lililotendeka: "Baba, jana mbuzi wako alikula mpunga wangu." Usiseme: "Ninyi wa ukoo ule ndiyo desturi yenu." Jeraha la neno hilo haliponi upesi. Na aliye mwepesi wa kupiga, usimwendee peke yako. Enda na mzee.

Na jirani akiwa Mwislamu? Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip katika karne ya 19, na tangu hapo Waislamu wamo kati yetu. Wengine ni wajomba na mashemeji zetu. Hatua ya kwanza ni ile ile. Katika hatua ya pili, tafuta mzee ambaye yeye pia anamheshimu, si Mkristo mwenzako wa kukusaidia kushinda. Likishindikana, lipelekwe kwa wazee wa kijiji.

Wengine hudhani kwamba kusamehe ni kuficha kosa. Sivyo. Mwenye heri Isidori Bakanja, Mkongo mwenzetu, alikuwa katekumeni kama ninyi hata alipobatizwa mwaka 1906. Mwaka 1909 mzungu mmoja wa kampuni aliamuru apigwe vikali kwa sababu ya skapulari aliyovaa. Alipoulizwa, alimtaja waziwazi aliyemtesa. Tena alimsamehe, akaahidi kumwombea mbinguni. Alikufa kwa majeraha yale tarehe 15 Agosti 1909, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994.

Kwa hiyo mpunga ulioliwa ulipwe. Asiye na fedha apewe muda, au alime shambani kwa siku mtakazopatana. Akiisha kulipa, neno limekwisha: usilifufue mwaka ujao penye kilio, watu wakiwa wamekusanyika.

Maswali ya kujibu pamoja na mwalimu:

Katika ugomvi wa mwisho kijijini kwenu, nani alipata habari kwanza, aliyekosa au watu wengine?

Ni mzee gani kwenu anayesikilizwa na pande zote mbili?

Yuko mtu unayepaswa kumwendea kabla ya siku ya ubatizo wako?