Somo kwa Wastaafu: Kuandika na Kujichapishia Kitabu

Mtumishi wa umma nchini Kenya hustaafu akiwa na umri wa miaka 60. Mwalimu, muuguzi au afisa wa kilimo anayerudi nyumbani Wema, au kijiji kingine cha eneo la Garsen, huja na vitu viwili: kiinua mgongo chake na mambo aliyoyaona katika miaka mingi ya kazi. Cha kwanza kina hesabu yake benki. Cha pili kimo kichwani, na mwenye nacho akiondoka huondoka nacho. Somo hili linaeleza namna ya kukiweka cha pili kitabuni bila kukipoteza cha kwanza.

1. Andika unachokijua wewe

Sauti ya Wimbo wa Taifa la Kenya ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Mzee Meza Galana wa Tana River ndiye aliyeutoa kwa jopo la wanamuziki waliotayarisha wimbo wa taifa mwaka 1963. Wimbo huo ulifika mbali kwa kuwa uliandikwa wakati mwenye kuujua yupo.

Mstaafu wa Wema hana haja ya kutafuta habari za mbali. Anaweza kueleza jinsi mpunga ulivyopandwa kwa kufuata maji ya mto yanapopanda na kushuka. Anaweza kusimulia safari za enzi za kivuko cha Garsen, kabla ya daraja, au mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliyoharibu mradi wa mpunga wa TARDA. Anaweza kukusanya methali, vitendawili na majina ya mimea kwa Kipokomo au Kiorma, lugha ambazo vitabu vyake ni vichache.

Mfano wa karibu ni Joe Khamisi wa Pwani, mwanahabari na mwanadiplomasia wa zamani aliyekuwa mbunge wa Bahari hadi mwaka 2007. Alipotoka bungeni aligeukia kalamu. Mwaka 2011 alitoa The Politics of Betrayal kupitia Trafford, kampuni ya ng'ambo ambayo mwandishi hujilipia uchapishaji. Mwaka 2016 alitoa The Wretched Africans, kuhusu Rabai na Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru. Kitabu cha kwanza alikitoa katika kazi aliyoifanya, cha pili katika historia ya watu wake.

2. Jiwekee ratiba

Ukurasa mmoja wa kitabu kidogo hubeba maneno kama 250. Anayeandika ukurasa mmoja kwa siku, siku tano kwa wiki, atakuwa na kurasa 160 baada ya wiki 32, yaani zaidi kidogo ya miezi saba. Asubuhi, kabla ya jua kuwa kali na wageni kuanza kubisha hodi, ndio wakati mzuri. Asiyeweza kuandika kwa muda mrefu na ajirekodi kwa simu, kisha kijana wa nyumbani amwandikie.

3. Sema kweli bila kuchoma nyumba

Kumbukumbu husahau. Tarehe, majina na idadi vihakikishwe kwa wazee wenzako na kwa kumbukumbu za shule, zahanati au ofisi. Uangalifu unahitajika zaidi kwa anayeandika juu ya mapigano ya Tana Delta ya 2012 na 2013. Wapokomo, Waorma na Wawardei wote walifiwa, na bado wanatumia mto mmoja na soko moja. Sikiliza pande zote kabla ya kuandika. Usimtaje mtu kwa kosa usiloweza kulithibitisha, kwani anaweza kukushtaki kwa kumharibia jina. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 nayo inakataza maneno ya kuchochea chuki ya kikabila.

4. Toa mswada usomwe

Mpe mswada mtu anayeijua habari na mwingine asiyeijua. Wa kwanza ataona makosa ya ukweli, wa pili ataonyesha palipo na giza. Baada ya hapo, mlipe mhariri. Jalada zuri huuza nakala ya kwanza, lakini maandishi safi ndiyo yanayomfanya msomaji amwambie jirani yake.

5. Piga hesabu kabla ya kupiga chapa

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha za uzeeni. Tuchukue mfano wa hesabu tu: uhariri, jalada na nakala 200 vimegharimu shilingi 60,000. Kila nakala imekugharimu shilingi 300. Ukiuza kwa 500 na duka likabaki na 150, unapata 350, yaani faida ya shilingi 50. Zikiuzwa nakala 100 pekee, utarudisha 35,000, na 25,000 zitakuwa zimelala kwenye maboksi chini ya kitanda.

Kwa hiyo andika kwanza orodha ya wanunuzi unaowajua kwa majina, kisha chapisha idadi inayolingana nayo. Mashine za kisasa za kidijitali zinaweza kutoa hata nakala 30, ingawa bei ya kila moja huwa juu. Zikiisha, chapisha nyingine. Usikope wala kuuza ng'ombe kwa ajili ya toleo la kwanza. Usitegemee pia kwamba shule zitanunua: vitabu vya kiada huidhinishwa kwanza na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD.

6. Taratibu za kisheria

Hakimiliki ni yako tangu unapoandika, na kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hudumu hadi miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Kusajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, hukupa ushahidi ukitokea mzozo. Nambari ya ISBN, yenye tarakimu 13, hutolewa nchini na Huduma ya Maktaba za Taifa, KNLS. Usitie saini mkataba wowote unaompa mpiga chapa haki ya kitabu chako. Waambie warithi wako kazi hiyo ni ya nani baada yako.

7. Linda mswada dhidi ya maji

Katika vijiji vya kando ya mto, daftari moja ndani ya sanduku moja halitoshi. Piga picha kila ukurasa kwa simu kila wiki na umtumie mtoto au ndugu anayeishi mbali. Kitabu kikitoka, peleka nakala maktabani na katika shule ya kijiji.

Zoezi la wiki hii

Andika mambo kumi unayoyajua ambayo vijana wa kijijini hawayajui. Chagua moja, uandike ukurasa mmoja juu yake, kisha umsomee mjukuu. Akiuliza swali, jibu lake ndilo ukurasa wa pili.