Nani Aliyeizima Kamera? Mnyambuliko wa Vitenzi na Uwajibikaji wa Polisi

Makala haya yanachunguza jinsi mnyambuliko wa kitenzi unavyoweza kumficha au kumfichua mtenda. Mifano yetu inahusu uwajibikaji wa polisi, jambo ambalo sisi wa Eldoret tuna sababu ya pekee ya kulizingatia. Mwaka 2008 Tume ya Waki ilifanya baadhi ya vikao vyake mjini humu. Iliripoti kwamba kati ya watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, watu 405 walikufa kwa risasi. Mapendekezo yake yalichangia kuundwa kwa mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, IPOA, kwa sheria ya mwaka 2011.

Tuzingatie sentensi hizi:

(a) Kamera ilizimika.
(b) Kamera ilizimwa.
(c) Afisa aliizima kamera.

Sentensi (a) imo katika kauli ya kutendeka. Haipokei mtenda; hatusemi *ilizimika na afisa. Sentensi (b), ya kutendwa, haimtaji mtenda lakini humwachia nafasi, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Sentensi (c) inajibu.

Tofauti hii ndiyo kiini cha mjadala wa kamera zinazovaliwa na polisi kifuani. Mjini Louisville, Marekani, mwezi Juni 2020, mwananchi aliuawa kwa risasi katika operesheni ya polisi na askari wa ulinzi. Ilipobainika kwamba polisi waliohusika hawakuwa wamewasha kamera zao, mkuu wao alifutwa kazi. Hakuna aliyeridhika na maelezo kwamba kamera "hazikuwaka".

Hapa Kenya, Albert Ojwang', mwalimu, alifariki tarehe 8 Juni 2025 akiwa mikononi mwa polisi jijini Nairobi. Taarifa ya kwanza ya polisi, tukiifasiri kutoka Kiingereza, ilidai kwamba alijigonga kichwa ukutani. Kirejeshi -ji- humfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja. Silabi moja tu inamtwika marehemu lawama ya kifo chake. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwani na dalili za kukabwa shingo, nao ukaipinga taarifa hiyo. IPOA nayo ililieleza Bunge la Seneti kwamba kamera za kituo zilivurugwa. Tazama kauli iliyotumika: ni ya kutendwa, nayo inadai jina. Mwezi huohuo watu sita, watatu kati yao wakiwa polisi, walishtakiwa kwa mauaji, walikana mashtaka.

Hatusemi kwamba kila kauli ya kutendeka ni hila. Betri huisha, na mitambo huharibika. Tunachosisitiza ni kwamba dai la "kuzimika" lithibitishwe kama dai jingine lolote. Kifungu cha 244 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi kuendeleza uwazi na uwajibikaji. Kuwajibika ni kwa hiari ya mtenda. Kuwajibishwa kunahitaji mtu mwingine wa kuuliza. Mwanafunzi wa Kiswahili anaposoma taarifa ya polisi, na aanze kwa kuvipigia mstari vitenzi vyake, kisha atafute watenda waliokosekana.