Kodi asiyoiona mteja wako, na ile unayoweza kuipunguza kwa daftari

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongee kodi. Najua ukiona neno hilo unataka kupita, ila subiri kidogo, kuna hela ya kuokoa hapa. Naongelea Tanzania Bara.

Tuanze na mteja. Wanaoninunulia nguo za watoto wengi ni watu wa mshahara mdogo: walinzi, wahudumu wa hoteli, akina dada wa viwandani. Chukua anayelipwa 400,000. Inatoka NSSF asilimia 10, zinabaki 360,000. Hapo 270,000 za kwanza hazina PAYE, na zile 90,000 zilizozidi zinakatwa asilimia 8, yaani 7,200. Hiyo anaiona kwenye karatasi ya mshahara, na ndiyo anayoilalamikia.

Sasa aingie dukani. Sabuni, mafuta ya kupaka, viatu vya shule, vyote VAT ya asilimia 18 imo ndani ya bei. Akitumia 100,000 kwa vitu vya namna hiyo, VAT yake ni kama 15,250. (Unagawa kwa 118 halafu unazidisha kwa 18. Wengi wanazidisha 18 moja kwa moja, wanakosea.) Kwa hiyo kodi asiyoiona imezidi mara mbili ile anayoiona! Bosi wake akinunua sabuni ileile analipa kiasi kilekile, ila yeye haimpunguzii hela ya daftari za mtoto. Afadhali mahindi na maharage, vyakula ambavyo havijasindikwa, havina VAT.

Ndiyo maana mtu anakwambia "nitakucheki mwisho wa mwezi". Sio msumbufu, hesabu yake imebana. Mimi nawaruhusu walipe kidogo kidogo, mzigo unatoka ukikamilika.

Ila hapo kwenye kidogo kidogo angalia makato. Mnakumbuka tozo ya miamala ya Julai 2021, watu walirudi kubeba hela mfukoni. Julai 2023 iliondolewa kwenye kutuma, kwenye kutoa ikabaki. Basi usitoe toe. Pokea kwa lipa namba, mlipe wa jumla kwa simu hiyohiyo, toa mara moja unapohitaji kweli.

Haya, kodi yako wewe. Mfanyabiashara mdogo anakadiriwa kwa mauzo ya mwaka, sio faida. Chini ya milioni 4 hulipi kodi ya mapato. Kati ya milioni 4 na 7, kama huna kumbukumbu unalipa 100,000. Kama unazo, unalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4 tu. Tuseme umeuza milioni 5: mwenye daftari 30,000, asiye na daftari 100,000. Biashara ileile! Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu ni 250,000. Mwenye nazo ni 90,000 jumlisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Ukiuza milioni 9 ni 150,000 badala ya 250,000. Viwango hubadilika na bajeti kila Julai, kwa hiyo cheki TRA kabla hujalipa.

Na daftari lina kazi nyingine ambayo sisi wa mtandaoni tunaisahau. Laini yako inaingiza hela za wateja, mchezo wa kina mama, na 50,000 ya kaka ya dawa za bibi. Mtu akijumlisha meseji zote, inaonekana umeuza sana. Tenga laini ya biashara. Kila siku andika tarehe, bidhaa, kiasi, na jinsi alivyolipa. Chati za WhatsApp hazitoshi, simu ikiibiwa umekwisha. Risiti za manunuzi tunza kwenye bahasha.

Na usiandike "bei pamoja na VAT" kwenye tangazo kama hujasajiliwa. Usajili ni lazima mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka, huko wengi wetu bado. VAT uliyomlipa wa jumla huwezi kuidai, ni gharama yako, iingize kwenye bei ya kununulia kabla hujapanga faida.

Kesho nitaweka picha ya ukurasa mmoja wa daftari langu muone mistari nilivyoichora. Mwenye swali la hesabu aandike mauzo yake ya mwaka hapo chini, tukokotoe pamoja.