Barua ya Mfungwa kwa Nduguye: Maandishi Yenye Wasomaji Wawili

Aghalabu sisi wanafunzi wa fasihi huyajua maandishi ya gerezani kupitia kwa watu mashuhuri. Gakaara wa Wanjau, aliyekamatwa Oktoba 1952, alianzia kizuizini Kajiado, akapelekwa kisiwani Manda na baadaye Athi River, jirani ya Kitengela. Shajara yake ilichapishwa kwa Kigikuyu mwaka 1983, ikapata Tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Abdilatif Abdalla naye alifungwa kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka wa "Kenya: Twendapi?", na tungo alizoziandika juu ya karatasi za msalani zikawa Sauti ya Dhiki (1973). Maandishi hayo yalifichwa. Barua ya kawaida haifichwi. Hupita langoni, askari akaisoma kabla ya ndugu. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye upekee wake kama utanzu.

Tuchukue mfano niliobuni, wa mfungwa aliyeko Kajiado akimwandikia mdogo wake Kitengela:

"Mdogo wangu, salamu nyingi. Huku twaamka alfajiri, twahesabiwa, twanywa uji, kisha twaenda shambani. Jioni twahesabiwa tena. Chakula kinatosha, mwambie mama nimenenepa. Ile ploti usiiuze, hata mnunuzi akija na pesa taslimu. Nikitoka Desemba nitaezeka mabati, nifungue karakana ya useremala. Ufundi nimeupata huku. Stakabadhi zi wapi sasa?"

Tazama viambishi vya nafsi. Siku ya gerezani yote ni "tu-". Hakuna anayeamka peke yake. "Ni-" yajitokeza kwenye unene (ambao mimi siuamini), kisha yatawala pale penye Desemba na mabati. Mtu huyu ana nafsi yake katika wakati ujao tu, na wakati huo umo mikononi mwa nduguye.

"Chakula kinatosha" yaweza kumridhisha askari na kumtuliza mama kwa pamoja. Swali la mwisho ni zito zaidi. Kwa askari ni jambo la kifamilia. Lakini Kitengela ni mahali ambapo mashamba yamekatwakatwa kuwa ploti, na mnunuzi hakosekani. Mdogo mtu atasita penye neno "sasa", ajiulize kakaye amesikia nini, na kutoka kwa nani.