SOMO LA MWEZI: Kuongeza taa na vifaa vya umeme kwenye gari kuukuu bila kuliunguza

Pikapu na malori ya zamani bado yanabeba maziwa, viazi na mifugo katika wadi zetu. Wenyewe huyaongezea taa za mbele, taa ya kupakilia mzigo usiku, redio na soketi ya kuchajia simu. Hakuna ubaya. Hatari ni pale waya mpya unapounganishwa moja kwa moja na betri au kubanwa kwenye waya wa swichi ya ufunguo, bila fyuzi. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi, betri humwaga umeme wote mahali pamoja. Waya huwa mwekundu kama kaa la moto, nao mafuta na sponji ya viti viko karibu.

Fyuzi hulinda waya, si taa. Ni kiungo dhaifu kilichowekwa makusudi ili kikatike kabla ya waya kuungua. Land Rover nyingi za Series IIA, kwa mfano, zilitoka kiwandani na fyuzi mbili tu, na taa kubwa za mbele hazikuwa na fyuzi. Mfumo kama huo hauna nafasi ya mizigo mipya. Vifaa vipya vijengewe njia yao.

Kabla ya kununua chochote

Hakikisha gari ni la volti 12 au 24. Kisha tazama ni upande gani wa betri unaoshika bodi. Magari mengi ya Uingereza ya zamani, zikiwemo Land Rover za kabla ya 1967, yaliunganishwa chanya kwenye bodi. Redio au chaja ya kisasa ikifungwa humo kinyume itaungua papo hapo.

Piga hesabu: wati gawanya kwa volti, upate ampea. Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Kwa volti 12, hiyo ni ampea 9.2. Ongeza robo, upate 11.5, kisha chagua fyuzi inayofuata kwa ukubwa: 15. Waya wa milimita mraba 2.5 unatosha. Fyuzi isizidi kamwe uwezo wa waya.

Angalia pia kinachozalisha umeme. Dainamo ya Lucas C40 hutoa takriban ampea 22, na gari likinguruma polepole haitoi karibu chochote. Taa za kawaida pekee huchukua karibu nusu yake. Ukizidisha mizigo, betri itakwisha ukiwa njiani.

Hatua kwa hatua

1. Fungua kwanza kebo ya betri inayoshika bodi. Ndiyo itakayorudishwa mwisho.

2. Weka fyuzi kuu ya ampea 30 karibu na betri, isizidi shubiri moja. Sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina ulinzi wowote.

3. Kutoka hapo, pitisha waya wa milimita mraba 6 hadi kwenye kisanduku cha fyuzi chenye kifuniko, mahali pasipofika maji.

4. Kila kifaa kipate fyuzi yake. Kwa fyuzi bapa, ya ampea 10 ni nyekundu, 15 ni ya buluu, 20 ni ya manjano na 30 ni ya kijani.

5. Taa kubwa ziwashwe kupitia rilei, ili swichi isibebe mzigo wote. Namba 30 hupokea umeme kutoka kwenye fyuzi, 87 huupeleka kwenye taa. Namba 85 na 86 ni za koili: moja kwa swichi, nyingine kwa bodi.

6. Kila tundu la chuma linalopitisha waya livishwe mpira. Funga waya kila baada ya shubiri moja au mbili, mbali na ekzosi.

7. Mahali pa kushika bodi, kwangua rangi na kutu hadi chuma king'are, kaza boliti, kisha paka grisi.

8. Rudisha kebo ya betri. Washa kifaa kimoja kimoja, kisha vyote kwa dakika 10. Zima, ukaguse waya na viungo. Kilichopata moto kina kasoro.

Fyuzi ikikatika

Tafuta sababu. Usiweke kubwa zaidi, na usifunge karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pake. Fyuzi iliyokatika imekuokolea gari. Beba za akiba za ukubwa uleule, pamoja na kizima moto cha poda unachoweza kukifikia ukiwa kwenye usukani.

Kama huna uhakika na hatua yoyote, mpelekee fundi wa umeme wa magari, nawe umuulize: "Fyuzi iko wapi, na ni ya ampea ngapi?" Fundi mzuri atakuonyesha kwa kidole.

Jipime

Lori la volti 24 limeongezewa taa mbili za wati 70. Lifungwe fyuzi gani?

Jibu: Wati 140 gawanya kwa 24 ni ampea 5.8. Ukiongeza robo unapata 7.3, kwa hiyo fyuzi ni ya ampea 7.5.