Dondoo muhimu: Seva imeboreshwa, tovuti imegoma

Umepandisha seva kutoka Ubuntu 20.04 hadi 22.04, na sasa kila ukurasa unatoa kosa la 502. Tafadhali, usianze kugusagusa mafaili. Fungua logi kwanza, tail -f /var/log/nginx/error.log, kisha ipakie tovuti upya huku ukiitazama.

Ukiona php7.4-fpm.sock imetajwa pamoja na “No such file or directory”, umeshampata mchawi. Ubuntu 20.04 ilikuja na PHP 7.4, 22.04 ina 8.1, na jina la soketi hubeba namba ya toleo. Nginx bado inabisha hodi nyumba iliyohamwa. Hakikisha php8.1-fpm imewaka, badilisha fastcgi_pass isomeke unix:/run/php/php8.1-fpm.sock, endesha nginx -t, halafu systemctl reload nginx.

Lakini nginx -t hukagua uandishi wa mipangilio na kama mafaili yanayotajwa humo yanafunguka, basi. Haitakwambia kwamba soketi haipo. Jibu lake la “ok” liliwahi kunikesheza hadi alfajiri.

Php.ini nayo ni mpya, iko /etc/php/8.1/fpm/. Kama uliongeza upload_max_filesize kwenye ile ya zamani, iongeze tena, la sivyo picha zinazozidi MB 2 zitakataliwa. Hifadhidata haiunganiki? Angalia kama php8.1-mysql imesakinishwa.

Unahamia mashine nyingine kabisa? Punguza TTL ya DNS hadi sekunde 300 siku moja kabla, na ujaribu seva mpya kupitia faili la hosts la kompyuta yako kabla wateja hawajaiona.